Fremu ya baiskeli ya kaboni ya milioni nane na nusu: ninunue, au niendelee na alumini yangu?

BwanaMifugo_Himo

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina karatasi hapa mezani yenye hesabu niliyoifuta na kuiandika upya mara nne, na kila nikiifuta jibu linazidi kufanana na lile ninalolitaka. Ndiyo maana naileta kwenu.

Mimi ni bwana mifugo, umri miaka 44, naishi Himo. Katikati ya wiki niko juu ya pikipiki nazunguka vijijini, chanjo, dawa za minyoo, kuzalisha ng'ombe usiku. Jumamosi ndiyo yangu. Saa kumi na mbili asubuhi nakuwa njia panda na baiskeli, napanda hadi Marangu Mtoni, kisha naendelea mpaka geti la hifadhi ya Kilimanjaro. Ni kilomita kama 17, na unapanda karibu mita elfu moja. Muda wangu bora ni saa 1 na dakika 18. Niliupata Februari na tangu hapo umegoma.

Baiskeli yangu ni ya alumini, ya mwaka 2015, nilinunua mtumba Arusha kwa laki tisa. Giya ni Shimano 105 za hatua kumi na moja, breki za kubana rimu, foki (ile inayoshika gurudumu la mbele) ya kaboni. Rangi imebanduka pale goti linapogusa na kwenye mrija wa chini kuna kibonyeo nilichokikuta, sikuuliza kimetokana na nini. Haijawahi kunilaza njiani.

Sasa shemeji yangu yuko Stuttgart, Ujerumani, anakuja Desemba. Kuna duka kule lina fremu ya Kiitaliano, daraja la juu kabisa, ya msimu wa juzi, imebaki saizi 54 tu, ambayo ndiyo yangu. Wameshusha bei hadi yuro 2,900 pamoja na foki. Kwa chenji ya wiki hii ni kama milioni nane na nusu. Shemeji yuko tayari kuibeba.

Pesa ipo. Niliuza ng'ombe wawili wa maziwa mwezi wa nane na sijaigusa. Mke wangu hakukataa. Alisema tu nimwonyeshe. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaitazama kwa muda, akaivuta ikawa kubwa, akaniuliza: "Na magurudumu yako wapi?" Nikamweleza kwamba hii ni fremu, vingine vyote ninavyo. Akasema haya.

Jumatano nilivua kila kitu kwenye baiskeli yangu nikaipeleka kwenye bucha ya jirani, maana ana mzani wa kidijitali. Fremu tupu kilo 1.38, foki gramu 480. Mwenye bucha aliuliza kama nataka aikate vipande. Ile ya Ujerumani wanasema fremu gramu 780, foki 390. Tofauti gramu 690.

Mimi nina kilo 76. Ukijumlisha baiskeli, viatu, kofia na maji, ninachopandisha mlimani ni kama kilo 88. Gramu 690 kwenye kilo 88 haifiki hata asilimia moja. Kwa mlima wa dakika 78, ambao nguvu karibu yote inaishia kupambana na uzito, napata nafuu ya sekunde 35 hivi. Nikagawanya. Shilingi laki mbili na arobaini elfu kwa kila sekunde.

Hapo mtu mwenye akili angefunga karatasi. Lakini nasikia kaboni ya juu si uzito tu, kwamba inalainisha barabara, kwamba ukikanyaga pedeli nguvu yote inaenda kwenye gurudumu la nyuma. Swali langu ni kwa waliowahi kutoka kwenye alumini kwenda huko juu: mlihisi nini nyie wenyewe, kwenye miguu na mgongo? Ya kwenye matangazo nimeshasoma yote.

mpita_njia88

Milioni nane na nusu ni bodaboda mbili mpya na mafuta ya mwezi. Zenyewe zinakuja na magurudumu. Mama yuko sahihi.

FundiMsimbazi

Mkuu salama. Nipo Kariakoo, nashika hizi baiskeli kila siku, za matajiri na za wauza kahawa.

Kabla ya habari ya kuhisi, umeandika kitu kikanishtua. Umesema breki zako ni za kubana rimu. Fungua ile picha ya fremu tena. Angalia juu ya tairi la nyuma, pale mirija miwili midogo inapounganishwa, na juu kwenye foki. Kuna tundu la kufungia kaliper, kibano cha breki? Naweka dau la soda kwamba hakuna. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, waliruhusu breki za diski moja kwa moja kwenye mbio za barabarani katikati ya 2018, na baada ya hapo makampuni makubwa yakaanza kuziondoa breki za rimu kwenye fremu zao za juu, mwaka hadi mwaka. Fremu ya msimu wa juzi ya daraja hilo itakuwa ya diski tu.

Sasa fuata mkufu huo. Habu yako ya nyuma, kitovu cha gurudumu, ina upana wa milimita 130 na ekseli nyembamba ya kufyatua. Fremu ya diski inataka 142, na ekseli nene ya milimita 12 inayopita katikati na kukazwa kwenye fremu yenyewe. Haiingii hata kwa nyundo, na habu zako hazina pa kufunga diski. Kwa hiyo magurudumu mapya. Mikono yako ya giya inavuta waya wa breki, kule breki ni za mafuta. Kwa hiyo mikono mipya na kaliper mpya. Tena uliza vizuri, maana fremu nyingine za juu hazina kabisa njia ya waya wa giya, zinapokea giya za umeme peke yake. Kwa bei ninazoagizia watu, ongeza milioni nne na nusu, na hapo umechukua vya kawaida, si vya kuendana na fremu yenyewe. Ukiiweka fremu ile kwenye magurudumu ya bei rahisi umemvalisha mtu suti na kandambili.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna muuzaji anakwambia. Mwezi wa sita aliniletea mteja wa Masaki baiskeli ya aina hiyo, usukani unakwama ukigeuza. Anakaa karibu na bahari, chumvi imekula beringi ya juu ya foki. Beringi yenyewe ni ya elfu arobaini. Kwenye baiskeli yako hiyo ni kazi ya dakika ishirini, unalegeza, unatoa, unapaka grisi, unarudisha. Kwenye ile, mabomba ya mafuta ya breki yanapita ndani ya usukani, yanashuka katikati ya beringi hiyo hiyo, ndiyo yanaingia kwenye fremu. Huwezi kutoa beringi bila kukata mabomba. Nikakata. Mafuta yakamwagika, nikafunga viungo vipya, nikatoa hewa kwenye breki zote mbili, ya nyuma ikagoma, nikarudia. Siku mbili. Nilimwandikia bili nikaona aibu, na yeye akaona aibu kulalamika kwa sababu anajua alinunua kwa bei gani.

Na sikio la nyuma, kile kipande cha alumini kinachoshika giya ya nyuma. Kimetengenezwa kipinde au kikatike kirahisi ili fremu ipone. Kila kampuni lilikuwa na umbo lake. SRAM, watengenezaji wa giya, walileta la aina moja mwaka 2019 na makampuni mengi sasa wanalitumia, ila si yote. Uliza fremu yako inatumia lipi. Kama ni la kwao wenyewe, mwambie shemeji alete matatu. Vinginevyo siku ukiangukia upande wa kulia pale Marangu, utasubiri Desemba nyingine.

BwanaMifugo_Himo

Fundi, nimefungua picha. Hakuna tundu.

Nimekaa na fremu hii kichwani miezi miwili. Nimeipima, nimeigawanya kwa sekunde, nimesoma ni nyuzi za aina gani na zinaokwa vipi. Mke wangu aliitazama nusu dakika akauliza magurudumu yako wapi.

Soda yako naituma.

Kona_ya_Suswa

Sasa ndugu wa Himo. Niko Nairobi, upande wa Ngong. Hiyo ya bucha nimecheka peke yangu kwenye matatu hadi kondakta akaniangalia.

Mimi nilifanya hiyo safari unayoiulizia. 2022 nilitoka kwenye alumini nikaingia kaboni ya juu, mtumba lakini safi, mwenyewe alikuwa anarudi kwao Uholanzi. Kama unataka kujua nilihisi nini: wiki ya kwanza nilihisi kila kitu. Nikisimama kwenye pedeli inaruka mbele. Barabara ya Suswa, ile kokoto ndogo iliyochomoza kwenye lami, ilikuwa kama mtu ameitandikia blanketi. Baada ya mwezi ikawa baiskeli. Nikisema ukweli, hata lile blanketi sina uhakika lilitoka wapi, kwa sababu ilikuja na tairi za upana wa milimita 28 na mimi nilikuwa natumia 23 nimezijaza mpaka zinalia.

Mwaka uliofuata mbuzi aliingia barabarani. Mbuzi alipona. Usukani ulizunguka ukagonga mrija wa juu, na kwa macho hukuona kitu zaidi ya mkwaruzo wa urefu wa kucha. Rafiki yangu akachukua sarafu ya shilingi ishirini akaanza kugonga polepole kutoka kwa kiti kuja mbele. Tok, tok, tok, tok, halafu kufika pale kwa mkwaruzo, tup. Sauti imekufa. Alumini ikibonyea unaona. Hii nyuzi zinaachana ndani na juu inang'aa tu. Nilimpelekea jamaa anayeunda bampa za magari ya mbio, akakwangua, akaongeza matabaka, akapaka rangi inayokaribiana. Kazi nzuri, naendesha mpaka leo. Iliongeza gramu 90. Mimi sikuwa na mzani wa bucha, nilitumia wa jikoni.

Septemba 2025 tulipanda basi kwenda Kigali kuona mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia, mara ya kwanza kufanyika Afrika, nisingekosa. Jumapili ya wanaume nilisimama Kimihurura, kile kilima cha mawe. Kilomita 267 na nusu, na kupanda zaidi ya mita elfu tano. Pogačar akashinda. Waliomaliza ni 30. Walioanza walikuwa zaidi ya mia moja na sitini, na wengi wao wamepanda fremu ambazo mimi na wewe tunazitazama kwa simu usiku. Niliwaona wakiteremka, wanaelekea kwa mabasi ya timu, wamekaa wima, mkono mmoja. Na sheria haimruhusu hata Pogačar kushindana na baiskeli chini ya kilo 6.8. Kuna watu wa Karen, mtaa wa hapa Nairobi, wana baiskeli nyepesi kuliko ya bingwa wa dunia na wanasukuma kwa miguu pale Ngong.

Jaribu kitu. Gramu 690 ni chupa moja ya maji. Jaza chupa, iweke kwa kishikizo, panda mlima wako bila kuinywa. Jumamosi ingine iweke tupu. Rudia. Usiangalie saa mpaka ufike juu. Utakuwa umeendesha hiyo fremu bila kulipa yuro.

Na upepo wa tairi, unajaza ngapi?

BwanaMifugo_Himo

PSI 110 mbele na nyuma. Tairi za 25, zile ngumu zenye ukanda wa kuzuia miiba. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyeniuzia.

Kona_ya_Suswa

Mzee wangu, 110! Hiyo unaendesha mawe. Tafuta za 28 kama zinapita kwa fremu, zile laini za mbio, weka 75 nyuma na 70 mbele kwa uzito wako. Kati ya tairi ngumu ya safari na tairi nzuri ya mbio, jozi nzima, kuna wati kumi na zaidi zinapotea bure kwa tambarare. Fremu gani itakupa wati kumi?

MkunaziniMaskati

Assalaam alaykum jamaa. Mimi mtu wa Unguja, Mkunazini, nipo Maskati mwaka wa kumi na tisa huu. Nawasoma tangu juzi nikajizuia, leo imenishinda.

Nyote mnamuonea ndugu yetu. Mnampigia hesabu za sekunde kama kwamba analipwa kwa sekunde. Mtu akivaa kanzu ya darizi ya mkono Ijumaa, mbona hatumuulizi imemfikisha msikitini dakika ngapi kabla ya mwenye kanzu ya dukani?

Mimi ninayo. Nilinunua baiskeli nzima, si fremu, miaka miwili nyuma, na sitaji bei kwa sababu mke wangu anasoma Kiswahili. Umri wangu 51. Tunapanda Jabal Akhdar, kile kipande wanachopandishwa wana wa Tour of Oman, kilomita 5.7, wastani asilimia kumi na nusu. Froome alishinda mbio hizi 2013 na 2014, na yule ni mzaliwa wa Nairobi, kwa hiyo namhesabu wa kwetu. Muda wangu kwa baiskeli mpya ulipungua kidogo mno, na mwezi huohuo nilikuwa nimepungua kilo tatu kwa Ramadhani, basi ukweli Mungu ndiye ajuaye.

Lakini umeuliza mwili ulihisi nini. Mimi nilihisi nikishuka. Ile alumini yangu ya zamani, na breki zake za rimu, nikishuka nilikuwa nimekunja mabega mpaka masikioni, vidole vimekufa ganzi kwa kubana. Hii ya sasa nikiitia kwenye kona inakwenda pale nilipotazama, na breki naigusa kwa kidole kimoja. Nilikuwa naogopa kushuka, sasa siogopi. Hiyo haimo kwenye karatasi yake wala kwenye mzani wa bucha. Na wewe kutoka getini unashuka mita elfu moja, tena hujaigusia hata kidogo, umeandika kupanda tu.

Pia kuna hili. Tangu niipate naamka saa kumi alfajiri bila saa ya kengele. Ile ya zamani nilikuwa naitafutia sababu.

Fundi yupo sawa kwa chumvi, lakini. Na jasho. Huku joto likikamata jasho linadondoka kwenye boliti za usukani, ukizisahau mwaka mmoja hazitoki.

FundiMsimbazi

Shekhe wangu, kushuka umesema kweli, sibishi. Ila tusichanganye. Kilichokutoa hofu ni diski, ekseli nene na tairi pana. Hivyo vyote viko pia kwenye baiskeli ya alumini ya diski, na kwenye kaboni ya daraja la pili.

Daraja la pili ndilo ambalo hakuna aliyelitaja hapa. Kampuni nyingi zinatoa fremu ileile kwa matoleo mawili au matatu. Kalibu ni lilelile, umbo lilelile, jiometri ileile. Tofauti ni aina ya nyuzi na jinsi zinavyopangwa. Ile ya juu inatumia nyuzi ngumu zaidi za bei, zinakatwa vipande vingi vidogo na kupangwa kwa mkono kwa saa nyingi zaidi, ili kila mahali pawekwe kiasi kile tu kinachohitajika. Hapo ndipo pesa inakwenda, haidanganyi mtu. Lakini unachopata mwisho wake ni gramu mia mbili hivi pungufu. Mimi nikifunga hizo mbili nikiwa nimefumbwa macho siwezi kukuambia ipi ni ipi mpaka nizinyanyue, na hata nikizinyanyua nitabahatisha.

Kwa hiyo Himo, kama moyo umeshatoka kwa alumini, usinunue fremu. Chukua baiskeli nzima ya diski, daraja la pili, mtumba wa miaka mitatu minne, iliyokaguliwa kwa sarafu kama alivyosema wa Nairobi. Kwa milioni nane na nusu hiyohiyo unapata na magurudumu.

mpita_njia88

Narudia: mama yuko sahihi.

BwanaMifugo_Himo

Wakuu, zimepita wiki tano, nawadai taarifa.

Nilifanya jaribio la chupa. Jumamosi nne. Nilipima kwenye bucha, maji gramu 690 kamili, na sikuyanywa, nilikuwa na chupa nyingine ya kunywa. Saa niliigeuza ikae ndani ya mkono nisiione.

Ya kwanza, chupa imejaa: 1:18:50. Karibu sawa na rekodi yangu, na huku nimebeba.

Ya pili, chupa tupu. Nikifika Marangu Mtoni mama mmoja ninayemhudumia akanisimamisha katikati ya barabara, mikono miwili juu, ndama wake anahara tangu Alhamisi. Nikamuuliza anakunywa maziwa kiasi gani, kinyesi kina rangi gani, macho yamezama au la. Nikamwandikia dawa nyuma ya karatasi ya biskuti yangu, nikamwambia ampe maji yenye chumvi na sukari mpaka nirudi. Dakika nne. Nimezitoa, bado ilikuwa 1:19:41. Jazeni wenyewe: miguu imepoa, au akili ilibaki kwa ndama. Alipona.

Ya tatu, imejaa, mvua ilinyesha usiku na upepo unatoka juu: 1:20:15.

Ya nne, tupu: 1:18:31.

Nimezitazama namba hizi kila upande. Ungenificha ipi ilikuwa na maji nisingeijua. Ile tofauti ya sekunde 35 ipo, fizikia haijabatilishwa, lakini imezama ndani ya mvua, usingizi na ndama.

Tairi nilizipata kupitia kwa mtu wa Nairobi, za 28, laini. Mbele zimeingia bila shida. Nyuma zimepita kwa nafasi ya kadi ya simu, nikikanyaga kwa nguvu nasikia zinanong'ona kwenye fremu. Nimeweka 75 na 70. Kwa mara ya kwanza nimefika nyumbani mikono haijafa ganzi. Muda 1:17:04. Asubuhi ile ilikuwa na baridi nzuri, kwa hiyo sitaki kuzipa tairi sifa zote, lakini rekodi ya Februari imekwenda.

Shekhe wa Maskati, nilikuwa nakusubiri ukosee nikashindwa. Nilishuka Jumamosi ile nikijichunguza kama ulivyosema. Mabega kweli yako masikioni. Kuna ile kona chini ya Mtoni yenye changarawe inayotoka kwenye njia ya shambani, kumbe mimi huwa naanza kubana breki mita mia mbili kabla, na sijawahi kujijua. Miaka yote nilidhani naenjoi kushuka. Kwa hiyo baiskeli ya diski itakuja. Si mwaka huu.

Shemeji nimemwambia fremu aiache. Alinyamaza kwenye simu kisha akasema afadhali, alikuwa anajiuliza ataielezaje forodhani. Ataniletea spana ya kupima mkazo na grisi ya beringi, basi. Duka bado halijaiuza, nimeangalia asubuhi hii. Ndiyo, bado naangalia.

Pesa: mtamba mmoja nimenunua wiki iliyopita, chotara, mimba ya miezi mitano. Zilizobaki ziko benki. Mke wangu ndiye aliyempa jina. Anamwita Kaboni.

FundiMsimbazi

Hongera mkuu. Ana kilo ngapi?

BwanaMifugo_Himo

Nimempima kwa utepe wa kifuani, 340. Wa bucha alijitolea mzani wake, nikamwambia asante.